Jina la Kuandika kwenye Ngoma ya Winchi

Nina fumbo, na leo nimelileta likiwa bado la moto. Mkisema nilitue, nalitua hapa katikati yetu. Mkisema nibaki nalo, narudi nalo nyumbani, na ninyi mtalala vizuri. Mmesema nilitue. Haya, asije mtu kesho kunilaumu.

Palikuwa na mgodi uitwao Ngoroweka. Shimo lake lilishuka mita mia moja na ishirini na nane, wima kama kisima. Watu hawakushuka kwa ngazi. Walishuka ndani ya kizimba cha chuma kilichoning'inia kwenye kamba ya waya, kamba ikikunjwa na ngoma ya winchi, yaani mashine ya kuvutia, na winchi ikiongozwa na kompyuta. Mimi hata ghorofa ya pili naiogopa. Lakini tuendelee.

Kompyuta hiyo ilikuwa na mafundi watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Sikudhani, mwanamke wa Tanga, na kipaji chake kilikuwa macho. Alisoma programu kama mtu anavyosoma barua ya mchumba, nukta haimponyoki. Pale mgodini walisema dada Siku akiutazama ukuta anakuambia tofali lipi liliwekwa na fundi aliyekuwa na njaa.

Wa pili alikuwa Lubango, na kipaji chake kilikuwa mpangilio. Kwake kila kitu kilikuwa na mahali pamoja tu duniani. Funguo zote msumari mmoja, chumvi kopo moja. Siku moja mkewe alihamisha kopo la chumvi, wakanuniana wiki nzima.

Wa tatu alikuwa Eliakunda, ambaye wote walimwita Kunda, na kipaji chake kilikuwa mikono. Programu inayoandikwa na watu ni maneno tu, na mashine haielewi maneno. Lazima maneno yageuzwe yawe kitu ambacho mashine inaweza kukifuata. Kazi hiyo mafundi wa Ngoroweka waliiita kupika, na Kunda ndiye aliyekuwa mpishi. Hakukuwa na programu iliyoungua mikononi mwake.

Juu yao alikuwapo zamani mwalimu wao, fundi Kapinga, aliyefariki miaka minne nyuma. Aliwaachia faili zake, maana programu ile ilikuwa imegawanywa katika faili ishirini na tatu, na tisa kati ya hizo aliziandika yeye. Aliwaachia na adabu moja: usitie mkono kwenye chungu cha mwenzio. Ukitaka kugusa faili ya mtu, mwombe kwanza. Na faili za Kapinga je? Wa kumwomba yuko kaburini. Kwa hiyo miaka minne hakuna aliyezifungua, na wote waliona kwamba hiyo ndiyo heshima.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo balaa lilipoingia likiwa limevaa nguo safi.

Kompyuta ya zamani waliiita Bibi. Ilitumika miaka kumi na tisa, kisha wakati wa masika radi ikapiga, Bibi akazimika moja kwa moja. Ikaletwa kompyuta mpya, ya aina nyingine lakini inayoweza kula hata kilichopikiwa Bibi, wakaiita Mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakasema, wakacheka. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa katika kuhesabu kamba. Kamba ikipanda mita moja, Bibi alisikia mpigo mmoja. Mgeni alisikia mipigo minne.

Kuiandika programu yote upya kungechukua mwaka. Wakaamua kuihamisha ilivyo, na pale tu penye tofauti waandike njia mbili: kama tuko kwa Mgeni, mipigo minne ni mita moja; kama sivyo, hesabu kama zamani. Ili njia ichaguliwe, lazima mahali fulani mtu atangaze neno moja fupi, MGENI. Neno kama hilo mafundi huliita makro. Faili iliyosikia tangazo inashika njia mpya. Faili isiyosikia haiulizi, hailalamiki, wala haikohoi. Inaendelea na kazi ikiamini bado iko kwa Bibi. Hilo la kutokukohoa ndilo linalonitisha mimi.

Basi tangazo liwekwe wapi? Wakabishana siku mbili, kwa adabu.

Sikudhani akasema, "Liandikwe juu kabisa ya faili, palepale kazi inapofanyika. Anayesoma alione kwa macho yake, asiambiwe."

Lubango akasema, "Faili ishirini na tatu, dada Siku. Utatangaza mara ishirini na tatu? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tuwe na ukurasa mmoja wa pamoja. Tangazo likae humo, na maana yake humohumo, na kila faili iusome kabla haijaanza kazi."

Kunda akasema, "Jamani, chakula hakihitaji kujua kinaliwa na nani. Mpishi ndiye anayejua anampikia nani. Wekeni tangazo kwenye amri yangu ya kupika, faili zibaki safi."

Hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake. Adabu ikawashinda wote. Kila mmoja akaenda kwenye faili zake, akatangaza kwa namna yake, akazijaribu mwenyewe, zikafanya kazi. Sikudhani akaandika juu ya zake. Lubango akaweka ukurasa wake, zake zikausoma. Kunda akatia neno kwenye amri aliyopikia zake.

Na zile tisa za Kapinga? Hazikuandikwa neno juu, kwa sababu nani angethubutu. Hazikusoma ukurasa, kwa sababu zilizaliwa kabla ya ukurasa. Hazikupita kwenye moto wa Kunda, kwa sababu zilikuwa zimepikwa tangu zamani, akaziunganisha vilevile zilivyokuwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameziulizia.

Jumanne asubuhi, zamu ya kwanza chini ya Mgeni ikashuka. Kiongozi wa zamu alikuwa Makoye, mchimbaji wa miaka kumi na miwili, na nyuma yake wenzake sita. Pale Ngoroweka kushuka ni kwa breki ya mkono, uzito wenyewe unashusha. Mashine ni ya kupandisha tu. Kabla ya kushuka kila mmoja alimkabidhi mtunza vibati kibati chake cha chuma chenye namba, kikatundikwa kwenye msumari, ili ijulikane nani yuko chini. Mtunza vibati alikuwa Nyanzobe, mke wa Makoye. Alitundika saba.

Chini walitoboa mwamba, wakajaza baruti, wakatega saa za kulipua dakika arobaini, kama siku zote. Zikishategwa, haziteguliwi. Wakaingia kizimbani, wakagonga kengele mara tatu. Kupanda ni dakika tano. Dakika arobaini ni nyingi hata mtu akitaka kuimba njiani.

Kizimba kikapanda, kisha kikasimama.

Juu, kioo cha Mgeni kikaandika: KIZIMBA KIMEFIKA JUU.

Nyanzobe akatazama mlango wa shimo. Palikuwa patupu, kamba imekaza inatetemeka. Akauliza taratibu, "Kimefika juu wapi?"

Bwana Haule, msimamizi wa winchi, akasoma alama za rangi zilizopakwa kwenye kamba. Bado mita tisini na sita. Walikuwa wamepanda thelathini na mbili tu. Akabonyeza kitufe cha kupandisha. Mgeni akakataa, kwani kilichofika juu kitapandishwa kwenda wapi? Breki ya mkono ingeweza kuwashusha, lakini kushuka ni kurudi kwenye baruti.

Simu ya kizimbani ikalia. Ilikuwa sauti ya Makoye.

"Bwana Haule, tumesimama katikati ya mwamba. Kuna nini?"

"Dogo tu, Makoye. Subirini kidogo."

"Baruti zimebakiza dakika thelathini na nne."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nasema ili na mimi nijisikie."

Wenzangu, mnajua baruti ikilipuka chini ya shimo la wima inakuwaje? Shimo lote hugeuka mtutu wa bunduki. Mawe hayana pa kwenda ila juu, na moshi hufuata. Aliyemo ndani, awe chini au katikati, habaki. Mafundi watatu walilijua hilo. Lubango alitoka nje akatapika, akarudi akifuta mdomo. Kunda alikalia mikono yake ili isionekane inavyotetemeka. Sikudhani ulimi ulimkauka, akaomba maji, akapewa, akasahau kuyanywa.

Sikudhani ndiye aliyeanza. Akavuta kiti mbele ya Mgeni, akasoma. Faili zake, sawa. Za Lubango, sawa. Za Kunda, sawa. Midomo ilikuwa inamchezacheza kama mtu anayesali. Kisha akasema, "Ni hii ya kusimamisha. Ya fundi Kapinga. Haijui kama iko kwa Mgeni. Imesikia mipigo mia na ishirini na nane ikadhani ni mita mia na ishirini na nane."

Lubango akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo hatujawahi kuifungua."

"Nimeshaifungua," akajibu Sikudhani. "Mungu amrehemu. Atanisamehe, au hatanisamehe."

Akaandika tangazo juu kabisa ya faili ile, mstari mmoja, na chini yake njia ya mipigo minne. Kunda akaipika. Haule akaingiza kina kipya kwa mkono, mita tisini na sita. Zilibaki dakika ishirini na saba. Akabonyeza, na kamba ikaanza kuvutwa. Nyanzobe alikuwa ameshika ukingo wa meza ya vibati. Mita kumi, mita ishirini, mita ishirini na nne. Kizimba kikasimama.

KIZIMBA KIMEFIKA JUU.

Zilibaki mita sabini na mbili. Faili ya kusimamisha sasa ilihesabu sawa, lakini faili ya milango, ya Kapinga vilevile, ilikuwa bado kwa Bibi. Imesikia mipigo tisini na sita, ikaona safari imekwisha, ikafunga breki. Kila isiyosikia tangazo ilitosheka na robo ya njia.

Lubango akasimama. "Tukizifukuza moja moja," akasema, "watakufa robo kwa robo." Akachukua kiti. Mtu aliyekuwa akitapika muda mfupi uliopita sasa alikuwa anafanya kazi kama anapanga vyombo kabatini. Akaufungua ule ukurasa wa pamoja. Akahakikisha tangazo limo, na maana yake imo: kwa Mgeni, mipigo minne ni mita moja, na asiwepo mwingine wa kulieleza hilo popote. Akauondoa mstari wa Sikudhani, hakumwomba ruhusa. Kisha akaingia kwenye faili za marehemu, moja baada ya nyingine, akaziamuru ziusome ukurasa kabla ya neno lolote na zichukue hesabu humo. Alikuwa akizitaja kwa sauti: ya kusimamisha, ya milango, ya breki, ya mwendo, mpaka nane. Kunda akapika zilizobadilika. Zilibaki dakika kumi na tisa. Haule akaingiza sabini na mbili, akabonyeza.

Mita kumi na nane. Kikasimama.

Hamsini na nne bado.

Kwenye simu mtu mmoja alisikika analia bila kujificha, na mwingine anamwambia pole, pole, kama anambembeleza mtoto. Kisha Makoye akasema, "Nipeni mke wangu."

Nyanzobe akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mtoto ameenda shule?"

"Ameenda."

"Alikula?"

"Alikunywa uji. Akaacha kidogo."

"Msimlazimishe kumaliza," akasema Makoye. Simu hawakuikata.

Kunda ndiye aliyefuata. Akaitoa mikono yake alipokuwa ameikalia. "Lubango, umetaja nane. Fundi Kapinga alikuwa na tisa. Moja kaificha mahali, mnajua alivyokuwa, kitu ndani ya kitu. Hatuna muda wa kuitafuta." Akavuta kiti mbele ya Mgeni. "Nitamwaga kila kilichopikwa. Chote. Nitatia tangazo kwenye amri yenyewe, pamoja na agizo kwamba kila faili ishikishwe ukurasa wa Lubango kabla haijapikwa. Inayoonekana na isiyoonekana, ikipita motoni italisikia."

Haule akauliza, "Kupika zote ni dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zimebaki kumi na sita. Na ukimwaga, mpya zikakataa kuiva?"

"Hapo hatutakuwa na chochote cha kuendeshea winchi, Bwana Haule."

Haule akamtazama Nyanzobe. Sijui kwa nini alimtazama yeye. Nyanzobe, simu ikiwa bado sikioni, akatikisa kichwa kukubali.

"Mwaga," akasema Haule.

Kunda akamwaga. Kwenye kioo faili zikaanza kupikwa, moja, ikapita, mbili, ikapita. Dakika kumi na moja, ndugu zangu. Mtu anaweza kuchemsha chai na kuinywa. Hawa walikaa wakitazama namba. Ilipofika ya ishirini na mbili ikaganda, ikaganda, Kunda akafumba macho. Ilikuwa ndiyo ile iliyofichwa, faili ndogo ya kengele, iliyowekwa ndani ya nyingine, nayo ilihesabu kamba kimyakimya. Ikapita. Ya ishirini na tatu ikapita.

Zilibaki dakika nne. Haule akaingiza hamsini na nne, akabonyeza, na kizimba kikapanda, kikapanda, kikaja mpaka mwanga ukakigusa. Watu saba wakatoka mbio wakikanyagana. Hawakuwa wamefika mbali ardhi ilipotikisika, na shimo likatema mawe na moshi juu ya paa la nyumba ya winchi. Nyanzobe alimrudishia kila mtu kibati chake, akigusa mkono wa kila mmoja. Alipomfikia mumewe, Makoye alikuwa amekaa chini. Akakipokea kibati akiwa palepale mavumbini.

Mnadhani fumbo limekwisha? Watu wamepona, tupige makofi, twende tukale? Fumbo ndiyo kwanza linaanza.

Wachimbaji wa Ngoroweka wana desturi yao. Juu ya ile ngoma ya chuma inayokunja kamba, limepakwa jina la mtu mmoja, yule anayeijibia kamba. Kila anayeshuka huligusa jina hilo kwa kiganja kwanza. Mpaka siku ile jina lilikuwa la Kapinga, marehemu wa miaka minne, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulifuta. Lakini kamba ikishawatisha watu, jina lazima libadilike, vinginevyo hashuki mtu. Na mwenye kuliandika ni kiongozi wa zamu, kwa sababu yeye ndiye anayetangulia kuingia kizimbani.

Jina hilo si pambo. Mwenye jina ndiye mwenye neno. Akiwa Sikudhani, tangazo la MGENI litakaa juu ya kila faili, na kwingine kote litafutwa. Akiwa Lubango, litakaa kwenye ukurasa wa pamoja peke yake. Akiwa Kunda, litakaa kwenye amri ya kupika peke yake. Na maisha ya wanaoshuka yatakaa hapo hapo.

Ijumaa wakakutana nyumba ya winchi. Moshi ulikuwa umetoka shimoni, kazi inasubiri. Jina la Kapinga lilikuwa limekwanguliwa, na Makoye alikuwa amepewa kopo la rangi nyeupe na brashi.

Bwana Haule akawaambia mafundi, "Semeni."

Sikudhani akasema, "Mimi sikuja kujisifu. Lakini kama nisingefungua chungu cha marehemu, tungekuwa bado tunabonyeza kitufe mpaka baruti zilie. Ugonjwa ulionekana kwa macho. Nataka tangazo liwe mahali ambapo jicho linalisoma."

Lubango akamjibu, "Jicho lako liliona tundu moja, dada Siku, ukaziba moja, na nane zikabaki wazi. Walikwama tena. Mimi ndiye niliyeiweka hesabu mahali pamoja. Hata amri ya Kunda isingekuwa na maana, kwa sababu kusema MGENI ni kusema jina tu. Mgeni ni nani, anahesabu vipi, hilo liko kwenye ukurasa wangu."

Kunda akamjibu, "Ukurasa wako unawafaa wanaousoma, kaka. Faili ya tisa haikuusoma, na kwa ajili yake walikwama mara ya tatu. Moto ndio haukumwacha mtu. Mimi niliwatoa mita hamsini na nne, mbali kuliko ninyi wote wawili."

Hapo Sikudhani akamgeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa, si ya mtu anayegombana. "Kunda, tangazo lako halijaandikwa ndani ya faili hata moja. Siku ukiumwa, akaja mwingine akapika bila amri yako, zote ishirini na tatu zitarudi kwa Bibi. Zitaiva vizuri. Hazitakohoa. Na hakuna jicho litakaloona, hata langu."

Kunda akatazama mikono yake.

Bwana Haule akajaribu kusuluhisha. "Kwani kuna ubaya gani tukiandika yote matatu? Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa kizimbani siku ile, ndiye yule aliyelia, akasema akiwa nyuma, "Yalikuwa matatu Jumanne."

Makoye akachovya brashi. Akasema, na hakuwa anamwambia mtu fulani, "Miaka kumi na miwili naligusa jina pale, sikuwahi kulisoma. Nilikuwa naligusa kama mtu anavyogusa mlango. Sasa naogopa. Sitaki kuwadanganya, naogopa sana."

Nyanzobe alikuwa kwenye meza yake, misumari saba mitupu mbele yake. Akasema, "Andika jina la anayeogopa kuliko wote. Huyo hatasinzia."

Makoye akawatazama mafundi mmoja mmoja. Sikudhani alikuwa ameshika glasi ya maji hanywi. Lubango alikuwa kijivu midomoni. Kunda alikuwa amekalia mikono yake tena.

"Mke wangu," akasema Makoye, "wote wanatetemeka."

Basi, mimi naishia hapo. Usinitazame mimi, babu, na wewe dada usiinamishe kichwa kama hujasikia. Yuko aliyeona ugonjwa wakati hakuna mwingine aliyeuona, akavunja adabu ya miaka minne. Lakini njia yake yataka mtu asisahau hata mara moja kati ya ishirini na tatu. Yuko aliyeikusanya hesabu mahali pamoja ili isitofautiane tena. Lakini njia yake haimfikii asiyeisoma. Yuko aliyethubutu kumwaga vyote na kuwafikia hata waliojificha. Lakini njia yake ikisahaulika siku moja, itasahaulika yote, kimyakimya. Mmoja akikosekana Jumanne ile, vibati saba vingebaki kwenye misumari.

Brashi imechovywa. Wachimbaji sita wako nyuma ya Makoye, hakuna anayemsukuma na hakuna anayerudi nyumbani. Mlango wa kizimba uko wazi.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungeandika jina la nani? Sema, lakini usiseme haraka kama mtu aliyekaa kwenye mkeka. Sema kama Makoye, ambaye akishaandika herufi ya mwisho anaweka kopo chini, anakabidhi kibati chake kwa mkewe, na anaingia.